Kuishi na Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye upasuaji wake umekwishapita, kidonda kimefunga, na sasa anaishi Dodoma, Singida au wilaya za jirani, mbali na daktari aliyempasua. Wapo waliofanyiwa Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia Mloganzila hutoa huduma hiyo, na wapo waliokwenda nje ya nchi, India hasa. Wote wakisharudi nyumbani, homa zao, mimba zao na maumivu yao ya mgongo hutibiwa na mhudumu ambaye huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa aina hiyo hata mara moja. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya majibu inahusu yale ambayo mgonjwa mwenyewe analazimika kuyajua na kuyasema. Si badala ya ushauri wa daktari anayekufahamu.

Nilifanyiwa upasuaji wa aina gani, na kwa nini nijue jina lake?

Mtaani upasuaji wote huu huitwa “kukata utumbo”, na jina hilo linapotosha. Katika upasuaji wa slivu, utumbo hauguswi kabisa: daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, akabakiza sehemu nyembamba iliyo kama ndizi. Katika baipasi, mfuko wa chakula hauondolewi. Hutengwa sehemu yake ndogo ya juu, ya kiasi cha mililita 30, kisha utumbo mwembamba huunganishwa nayo moja kwa moja, hivi kwamba chakula hupita pembeni ya sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Upo pia mkanda unaofungwa juu ya mfuko wa chakula, ambao siku hizi hautumiki sana, na baadhi ya watu bado wanao.

Jina ni muhimu kwa sababu karibu kila jibu linalofuata hubadilika kulingana nalo. Mwenye baipasi ana hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa madini na vitamini, ya vidonda kwenye maungio ya mfuko na utumbo, na ya utumbo kujisokota ndani ya tumbo miaka mingi baadaye. Mwenye slivu ana hatari kubwa zaidi ya kiungulia cha kudumu. Ikiwa hujui ulifanyiwa upi, omba nakala ya taarifa ya upasuaji kutoka hospitali ulikofanyiwa, na uombe leo, kabla mafaili hayajahamishwa ghala.

Ninajisikia vizuri. Kwa nini niendelee kumeza vitamini maisha yangu yote?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo ambalo jibu lake hupuuzwa kuliko yote.

Mwili una akiba. Ini huhifadhi vitamini B12 ya kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo mtu aliyeacha vidonge mwezi wa nne baada ya upasuaji anaweza kupita mwaka wa kwanza na wa pili akiwa mzima, akaamini kwamba waliomwambia ameze maisha yote walikuwa wanamtisha tu. Ili B12 ifyonzwe inahitaji asidi ya tumboni na kiini maalumu kinachotengenezwa na kuta za mfuko wa chakula. Mfuko ukikatwa au ukipitwa pembeni, vyote viwili hupungua. Akiba inapokwisha, dalili huja taratibu: ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo, ulimi kuwasha, uchovu, usahaulifu, kuyumba gizani. Mishipa ya fahamu ikishaharibika kwa muda mrefu, sindano za B12 haziwezi kurudisha kila kilichopotea. Mwenye kisukari anayetumia metformin awe mwangalifu maradufu, maana dawa hiyo nayo hupunguza ufyonzwaji wa B12.

Madini chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, yaani mahali hasa panaporukwa na baipasi. Upungufu wa chuma huwapata zaidi wanawake wanaoendelea kupata hedhi. Hapa kuna dalili moja ambayo kwetu huonekana ni mazoea ya kawaida: hamu ya kula udongo, ule unaouzwa vipande sokoni, au kutafuna barafu. Ikikujia miaka miwili baada ya upasuaji, usiichukulie kuwa ni utani wa mwili. Pima damu. Tena udongo wenyewe huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo mtu huzidi kuzama kadiri anavyoula. Kalsiamu ikikosekana, damu haionyeshi haraka, kwa kuwa mwili huikopa kutoka kwenye mifupa; deni huja kudaiwa uzeeni, mfupa unapovunjika kwa kuteleza bafuni.

Vipimo vya dozi ni vipi, na nimeze saa ngapi?

Dozi kamili hupangwa na daktari kulingana na majibu ya damu. Miongozo ya kimataifa kwa kawaida hutaja vidonge vya vitamini na madini mchanganyiko kila siku. Madini chuma miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake walio katika umri wa hedhi na kwa wenye baipasi. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku. Vitamini D yuniti 3,000. Na B12 ama ya kumeza mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, ama sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Kwa mtu wa kijijini ambaye kwenda duka la dawa kila mwezi ni safari, ninaona sindano ni njia ya uhakika zaidi, kwa kuwa haitegemei tumbo wala kumbukumbu.

Saa za kumeza ndizo zinazowashinda wengi. Kalsiamu na chuma hugombana, kwa hiyo vitenganishwe kwa saa mbili au zaidi. Kalsiamu yenyewe isimezwe yote mara moja. Igawanywe katika dozi zisizozidi miligramu 600. Aina ya kalsiamu sitreti hufyonzwa hata kama asidi ni kidogo. Kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo rahisi kupatikana madukani kwetu, imezwe pamoja na chakula. Madini chuma hayapatani na chai. Yule anayemeza kidonge cha chuma asubuhi na kikombe cha chai ya rangi amekitupa kidonge chake. Akimeze kwa maji, au kwa juisi ya ubuyu isiyo na sukari.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye dolutegravir wamweleze mhudumu wa kliniki yao kuhusu kalsiamu na chuma, kwa sababu madini hayo huinasa dawa hiyo tumboni isiingie kwenye damu. Dawa imezwe saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake, isipokuwa vinapomezwa vyote pamoja na chakula. Hilo lisemwe wazi, hata kama ni vigumu kulisema.

Nipime nini, mara ngapi, na lazima niende Dar es Salaam?

Mwaka wa kwanza hupimwa katika miezi ya 3, 6 na 12. Baada ya hapo, mara moja kila mwaka, bila kikomo. Vipimo vya msingi ni picha kamili ya damu, akiba ya madini chuma, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, homoni ya tezi ndogo za shingoni inayosimamia kalsiamu, figo, ini, sukari na mafuta ya damu.

Picha ya damu, figo, ini na sukari hufanyika bila taabu katika hospitali za rufaa, na Dodoma ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pamoja na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kwa vipimo vya vitamini, uliza kwanza maabara kabla ya kufunga safari, na uliza bima yako inalipa kipi. Safari ya kumwona daktari aliyekupasua imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, lakini si kila jambo linahitaji safari: majibu ya damu yanaweza kutumwa kwa simu. Yatunze katika daftari moja, kwa tarehe. Jibu moja la B12 halisemi mengi. Majibu matano ya miaka mitano yanasema kila kitu.

Je, nitakula ugali tena?

Utakula, ila mpangilio wa sahani lazima ugeuzwe. Kwetu kitoweo ni kisindikizo cha ugali. Kwako wewe, kuanzia sasa, ugali ndio kisindikizo. Anza na kitoweo, fuata mboga, na ikiwa nafasi imebaki, ndipo matonge mawili au matatu ya ugali. Sababu ni kwamba unahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku ili misuli isiliwe pamoja na mafuta, na tumbo lako halina nafasi ya kubeba vyote.

Gramu 60 zinapatikana sokoni Majengo bila kununua unga wowote wa kopo. Mayai mawili hutoa takriban gramu 12. Glasi ya maziwa mgando hutoa 8, na mgando huwakubali wengi ambao maziwa mabichi huwaharisha baada ya baipasi. Kipande cha kuku kisichojaa kiganja hutoa takriban 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva sana hutoa 7, na dagaa wakavu wachache, gramu 15 tu, hutoa karibu 9. Glasi nyingine ya mgando jioni, na hesabu imefika. Dagaa nina upendeleo nao: ni nafuu, hawahitaji jokofu, na ukiwala na mifupa yao wanaleta kalsiamu pia.

Ugali wa mtama na wa uwele ni chakula chema, ila nafaka hizo zina viini vinavyozuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo kidonge cha chuma kisiandamane nao. Mlenda nao unahitaji neno lake. Wengi huufurahia baada ya upasuaji kwa sababu unateleza, na hapo ndipo penye mtego: tonge lililochovywa kwenye mlenda humezwa bila kutafunwa, likafika kwenye mfuko mdogo likiwa zima, likakwama. Tafuna kana kwamba mlenda haupo. Nyama choma ya mnadani Msalato, iliyokauka motoni, hukwama kuliko kitu chochote. Nyama ya kuchemsha au ya kusaga hupita vizuri. Chapati na mkate laini hujikusanya kuwa donge. Kama chakula kimekwama, simama, tembea taratibu, usinywe maji juu yake ukidhani yatakisukuma.

Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Sinia la pamoja halikufai, si kwa ubaya wa watu, ni kwa sababu huwezi kujua umekula kiasi gani, na mwendo wa wengine hukuburuta. Omba sahani yako.

Maji je? Dodoma kuna joto na ukame.

Lenga lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa mafunda madogo tangu asubuhi. Huwezi tena kunywa glasi nzima kwa mkupuo ukitoka juani, kwa hiyo ukisubiri kiu umechelewa, na katika miezi ya kiangazi ambapo upepo wetu hukausha hata jasho kabla hujaliona, mtu hupungukiwa maji bila kujua. Usinywe wakati wa kula. Subiri nusu saa baada ya mlo. Mkojo wa njano nzito ni ishara tosha. Chupa isikuache, hata ukiwa ofisini kwenye kiyoyozi.

Baada ya kula ninatokwa jasho, moyo unaenda mbio na ninaharisha. Ni nini?

Chakula, hasa chenye sukari, kimemiminika kwenye utumbo haraka kuliko inavyotakiwa. Hutokea zaidi kwa wenye baipasi. Aina ya kwanza huja ndani ya dakika 15 hadi 60: tumbo kunguruma, kizunguzungu, jasho, hamu ya kulala. Aina ya pili huja saa moja hadi tatu baadaye: sukari hupanda ghafla, mwili humwaga insulini nyingi, kisha sukari hushuka kupita kiasi, na mtu hutetemeka, huchanganyikiwa, pengine huanguka. Soda, juisi ya miwa, uji wenye sukari nyingi na chai ya sherehe ndizo chanzo cha kawaida. Hata zabibu zetu, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka na kuuzwa kila kona, zina sukari ya kutosha kuleta hali hiyo ukizila bakuli zima kwenye tumbo tupu. Punje chache baada ya mlo hazina neno.

Dawa ni kuondoa sukari ya kunywa na kutanguliza protini. Ikiwa unaanguka au unapoteza fahamu, hilo si la kujitibu nyumbani.

Ninaweza kunywa mvinyo?

Baada ya upasuaji, hasa baipasi, pombe hufika kwenye damu haraka zaidi na kwa kiwango cha juu zaidi, na hukaa muda mrefu. Glasi moja ya mvinyo wa Dodoma inaweza kukufanya usifae kuendesha gari, ilhali rafiki yako wa meza moja hana dalili. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: tafiti zimeonyesha kwamba ulevi wa kupindukia huongezeka miongoni mwa waliofanyiwa baipasi, hasa kuanzia mwaka wa pili, hata kwa watu ambao awali hawakuwa walevi. Mtu aliyekuwa akijiliwaza kwa chakula hutafuta kitu kingine. Mwaka wa kwanza usinywe kabisa. Baadaye, ukinywa, iwe kidogo, pamoja na chakula, na wala usiwe ndiwe dereva.

Ninaweza kufunga Ramadhani au Kwaresima?

Kufunga nyama katika Kwaresima hakuna shida, mradi maharage, dagaa na mayai vichukue nafasi yake. Kufunga Ramadhani, ambako mchana kutwa hakuna maji, kusifanyike katika miezi ya mwanzo, na madaktari wengi hushauri kungojea mwaka mzima. Baada ya hapo, aliye imara anaweza kufunga kwa ushauri wa daktari wake, akigawa usiku kuwa milo midogo, akianza futari kwa maji na protini badala ya uji mtamu na kaimati. Mwenye kutumia insulini, mjamzito, na anayepata sukari kushuka wasijaribu. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Mgongo unauma. Duka la dawa wamenipa diklofenaki.

Irudishe, ikiwa una baipasi. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na aspirini ya maumivu husababisha vidonda kwenye maungio ya mfuko na utumbo, na vidonda hivyo hutoboka na kuvuja damu. Dawa hizi ndizo zinazotolewa kwanza kwetu, kwa jino, kwa goti, kwa hedhi, tena mara nyingine kwa sindano, na sindano haiondoi hatari. Paracetamol ndiyo ya kuanza nayo. Mwenye slivu ana nafasi kidogo zaidi, lakini naye amwone daktari kwanza. Sigara huleta vidonda vilevile.

Vidonge vinavyoyeyuka polepole kwa saa 12 au 24 huenda visifyonzwe vyote baada ya baipasi. Muulize mfamasia aina ya kawaida. Dawa ya mseto ya malaria imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, kwa mfano maziwa, na ikiwa homa haijaisha baada ya siku tatu rudi ukapimwe upya. Dawa za shinikizo la damu nazo zipitiwe kila uzito unapoporomoka, maana dozi ya mtu wa kilo 130 inaweza kumwangusha mtu yuleyule akiwa na kilo 85.

Kisukari changu kimepotea. Nimepona?

Kimelala. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia wagonjwa kwa miongo miwili ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa na kisukari, asilimia 72 walikuwa hawana tena miaka miwili baada ya upasuaji, lakini kufikia mwaka wa 10 waliobaki hivyo walikuwa asilimia 36. Hata waliorudiwa walinufaika na miaka ile ya nafuu. Endelea kupima sukari ya wastani ya miezi mitatu kila mwaka, pamoja na macho, figo na miguu, kama vile kisukari bado kipo.

Nilishuka kilo 45, sasa zimerudi kilo 9. Nimeharibu upasuaji?

Hapana. Uzito hufika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha karibu kila mtu hupanda kidogo. Katika utafiti uleule wa Sweden, baada ya miaka 20 waliofanyiwa upasuaji walikuwa bado wamepungua kwa wastani wa asilimia 18 ya uzito wao wa awali, wakati wasiofanyiwa walikuwa karibu palepale walipoanzia. Homoni ya njaa inayotengenezwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupungua sana baada ya slivu, lakini mwili una njia nyingi za kudai uzito wake, na mtu anayedai kwamba ni uvivu tu hajui anachokisema.

Kurudi kwa kilo chache kuchunguzwe mapema, zikiwa bado chache. Mara nyingi chanzo si milo mikubwa, kwa kuwa hiyo haiingii, ila vyakula vinavyopita bila kuzuiwa: karanga za kutafuna mchana kutwa, ubuyu wa sukari, soda, juisi, chai ya maziwa mara tano kwa siku, sambusa moja kila kikao. Andika kwa wiki moja kila kinachopita mdomoni, bila kujihukumu, ukaipeleke orodha hiyo kwa afisa lishe. Wapo wanaosaidiwa na sindano za kupunguza hamu ya kula au marekebisho ya upasuaji. Hayo ni maamuzi ya daktari, si ya kununua dawa mtandaoni.

Kinyume chake nacho kinahitaji tahadhari. Ukiendelea kukonda baada ya mwaka wa pili, au ukikonda huku unakohoa, unatoka jasho usiku au una homa za jioni, usiseme “ni upasuaji wangu”. Kapime kifua kikuu.

Watu wanasema nimekonda, eti ninaumwa. Niwajibuje?

Mahali ambapo unene ni ushahidi wa kutunzwa, kukonda haraka huzaa maneno. Mke akikonda, mume husemwa kuwa hamtunzi. Mtu asiye na ndoa husemwa ana ngoma. Hudaiwi maelezo na mtu yeyote. Wanaopaswa kujua ni wale mnaoishi nao na yule atakayekupeleka hospitali ukizidiwa. Wengine waambie “nipo salama, ninafuata masharti ya daktari”, na mazungumzo yahamie kwingine.

Ugenini ni kugumu zaidi. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, na mama mkwe hatulizwi na habari za mililita 30. Njia iliyowasaidia wengi ni kufika mapema, kuketi, kupakua mwenyewe kidogo, kula polepole hadi mwisho wa mlo, na kumsifu mpishi kwa kitoweo chake hasa. Bibi akisema, “Mwanangu, mbona hujala?”, mjibu, “Nimekula, bibi, na mboga yako nitaomba nifungiwe nyingine.” Chakula cha kufungiwa huheshimu pande zote mbili.

Ninataka kupata mtoto.

Ngoja miezi 12 hadi 18, hadi uzito utulie. Jihadhari: uwezo wa kushika mimba huongezeka haraka uzito unaposhuka, na wanawake walioambiwa kwa miaka mingi kwamba hawazai wamejikuta wajawazito mwezi wa tano baada ya upasuaji. Vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemewa baada ya baipasi. Vijiti au kitanzi ni salama zaidi.

Kabla ya kushika mimba, pima damu na uanze foliki asidi. Kliniki watakupa FEFO, yaani vidonge vya madini chuma na foliki asidi, kama wajawazito wengine. Pokea, lakini eleza kwamba una mahitaji ya ziada ya B12, kalsiamu na vitamini D. Vitamini A ya aina ya retino kwa wingi humdhuru mtoto, kwa hiyo vidonge vyako vipitiwe upya. Ukitakiwa kunywa maji ya sukari kwa ajili ya kipimo cha kisukari cha mimba, kataa kwa upole na uombe kupimwa sukari nyumbani kabla na baada ya milo kwa wiki moja, kwa sababu kinywaji kile kinaweza kukuangusha. Kunyonyesha kunaruhusiwa.

Nywele zinanyonyoka.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji ni kawaida, na huota tena. Zikiendelea baada ya mwaka, pima chuma, zinki na protini.

Na ngozi iliyolegea?

Mazoezi hujenga misuli, hayakazi ngozi. Ikileta vidonda mikunjoni, ioshwe, ikaushwe vizuri na ipakwe dawa ya fangasi ukishapimwa. Kuikata ni upasuaji mwingine, na hungojewa hadi uzito utulie kwa mwaka hivi.

Mimi nina puto, si upasuaji. Haya yananihusu?

Kwa sehemu. Puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula ni la muda, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na lazima litolewe tarehe iliyopangwa hata kama hulisikii. Baadhi yake hujazwa maji ya buluu: mkojo ukigeuka kijani au buluu, puto limepasuka, na unahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Ni dalili zipi zisizongoja kesho?

Maumivu makali ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi, hasa baada ya kula, kwa mwenye baipasi, hata kama imepita miaka minane: utumbo unaweza kuwa umepenya kwenye nafasi ya ndani na kujinyonga. Kipimo cha ultrasaundi kinaweza kuonekana kizuri. Omba kipimo cha CT na daktari wa upasuaji. Maumivu ya kulia chini ya mbavu pamoja na homa au macho ya njano yanaelekeza kwenye mawe ya nyongo, ambayo hutokea sana kwa wanaopungua haraka. Kinyesi cheusi kama lami ni damu, isipokuwa kama unameza madini chuma, na hata hapo pima.

Kutapika kwa siku mbili au tatu mfululizo kunastahili maelezo marefu kidogo. Akiba ya vitamini B1 mwilini haizidi wiki chache, na anayetapika huimaliza haraka. Kisha huona vitu viwiliviwili, huyumba, huchanganyikiwa, na ndugu hudhani amelogwa au ana malaria ya kichwani. Akifika zahanati hutundikiwa dripu ya sukari, na sukari hiyo, ikitangulia B1, huteketeza akiba ndogo iliyobaki na kuacha ubongo na madhara ya kudumu. Sindano ya B1 itangulie, ndipo sukari. Mhudumu wa zahanati ya Bahi au Manyoni hana kosa kwa kutolijua hilo. Mwenye kulijua ni wewe, na huenda wakati huo huwezi kusema.

Kwa hiyo niandike nini kwenye kadi?

Kadi ndogo, ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho cha taifa, kwa maandishi makubwa: jina lako, “Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito”, aina yake na mwaka, “Nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala dawa za jamii hiyo”, “Nikiwa ninatapika, nipewe sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari”, “Maumivu makali ya tumbo: niitiwe daktari wa upasuaji”, dawa unazotumia, namba ya simu ya daktari aliyekupasua na ya ndugu mmoja. Toa nakala ya pili umkabidhi ndugu huyo, na mwambie ile yako inakaa wapi.